Nailoni ya duara tuliyoifunga kwenye injini ya ndege ya Masanja, na yaliyotokea mbugani

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na mliobaki mwangaluka, kwa salamu ya asubuhi ya kwetu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Nachapa kwa kidole kimoja, na hicho kimoja kiliwahi kubanwa na winchi, hivyo mtanivumilia. Nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Uongo sina. Ningekuwa nao ningeutumia nikiwa kijana, wakati ulikuwa na faida.

Kuna mwenzetu ameanzisha uzi anauliza kwa nini injini ya ndege anayojitengenezea nyumbani inachemka wakati rejeta ni mpya. Wamemjibu kwa Kiingereza kingi sana.

Mimi jibu ninalo. Lakini linaanzia kwenye panya.

Subirini.

Nikiwa mtoto wa miaka minane au tisa hivi, kwetu Samuye, tulikuwa tukiwinda panya wa shambani baada ya mavuno. Panya yule mnene, aliyekula mtama mpaka anatembea kwa shida. Siku moja nikaliona tundu la panya mkubwa. Nikajiona nina akili: nikazunguka nikaziba matundu yote mengine kwa udongo, nikabakiza moja tu. Hapo nikawasha kinyesi cha ng'ombe kikavu, nikainama, nikaanza kupuliza moshi uingie ndani.

Moshi haukuingia. Nikipuliza, unarudi usoni. Nikizidisha, na wenyewe unazidi.

Bibi yangu alikuwa anapepeta karibu na pale. Akaniangalia, halafu akauliza, "Wewe, unamfukizia panya au unajifukizia mwenyewe?"

Akaja, akapiga kisigino kwenye tundu moja nililoliziba. Likafunguka. Moshi wote ukaingia kwa kasi kama maji yaliyozibuliwa, na mimi niliyekuwa nimeinama nikapuliza moto badala ya moshi, ukaruka ukachukua nyusi yangu ya kushoto.

Panya akatokea upande wa bibi. Bibi akamkosa kwa ungo. Panya akaenda zake wala hakukimbia.

Nyusi haikuota tena mpaka leo. Ndiyo maana wananiita Mzee Nyusi. Wamenipa jina la kitu nisichokuwa nacho.

Shule niliishia darasa la tatu, na sababu haikuwa ada, ilikuwa mbuzi. Hiyo tuiache.

Nilipokuwa mtu mzima nikaenda Geita kwenye maduara. Kwa wale wa mjini, duara ni shimo la dhahabu. Linakwenda chini, chini, chini, na kule chini hewa inaisha, joto linapanda mpaka mtu anasahau jina la mkewe. Kwa hiyo juu unaweka mashine ya kupuliza, unaifunga kwenye nailoni iliyoshonwa kama bomba, ndefu kama duara zima, pana kama gunia. Mashine ikizimwa nailoni inalala bapa kama utumbo wa ng'ombe. Ikiwashwa inavimba na kupeleka hewa chini kwa wenzako.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa hiyo nailoni. Kuishona, kuiziba, kuisikiliza. Nilikuwa naweza kujua imetoboka wapi kwa kusikiliza tu.

Huko ndiko nilikojuana na Masanja. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, anashuka kurekebisha vyuma. Nataka mlikumbuke hili: Masanja alikuwa anashuka kwenye duara refu kwa kamba moja, huku anapiga mluzi. Wengine tunashuka tunasali, yeye anapiga mluzi.

Basi. Tukazeeka. Mimi nikarudi Samuye kwenye dengu zangu, Masanja akafungua karakana ya kuchomelea pale upande wa Ibadakuli, ambako ndege za kweli zinapita juu ya paa. Nadhani hizo ndizo zilizomharibu.

Siku moja akanipigia simu.

"Shikamoo mzee wangu. Njoo uone kitu. Ila usimwambie mtu."

Nikafika, nikakuta nusu ya mtaa imekaa kwenye ndoo, inatazama.

Wakuu, ilikuwa ndege. Ndogo, ya mtu mmoja, mabawa ya bomba na turubai, kiti cha basi. Lakini kilichonishangaza ni injini. Aliitoa kwenye gari la mbio lililokufa, na haina pistoni hata moja. Ndani yake kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu kama sambusa ndani ya sufuria. Nyepesi, ina nguvu, haina kelele nyingi za vyuma. Kasoro yake ni moja: ina joto la ajabu. Joto la mtu aliyesingiziwa.

"Tatizo lake nini?" nikauliza.

"Inachemka."

"Baada ya muda gani?"

Wale waliokaa kwenye ndoo wakajibu kwa pamoja, "Dakika nne!"

Akaiwasha. Pangaboi la mbele likazunguka, mimi naliita pangaboi, nyie liiteni mnavyotaka. Dakika ya nne mvuke ukatoka kama kituo cha treni, na kofia yangu ikaruka ikaenda kwa jirani.

Hapo akatoka Mama Kulwa, mke wa Masanja. Huyu mama ana heshima iliyonyooka. Alipiga goti kabisa, akanisalimia, "Shikamoo baba." Nikaitikia, "Marahaba, mayu," yaani mama kwa kilugha chetu. Na bado amepiga goti, akatoa hukumu.

"Baba, wewe ni shahidi. Kaka yangu ana karasha kule Geita, limekaa halina injini, mawe yanamsubiri. Nimemwambia huyu mume wangu: ikichemka tena mara moja, injini inakwenda kusaga mawe, na hili banda linakuwa la kuku. Leo hii niliyoiona sihesabu, kwa sababu tuna mgeni. Inayofuata nahesabu."

Akainuka, akaenda kunipikia. Ugali kwa mlenda na samaki wa kukaanga, siwezi kusahau.

Nikamuuliza Masanja kama mkewe anatania.

"Mzee, kaka yake ameshakuja kupima mkanda wa karasha."

Nikaona macho yake. Jamaa ana ndugu, ana watoto pacha wameoa na kuolewa, ana heshima mtaani, lakini hicho chuma ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Kikienda kusaga mawe, na yeye amekwenda.

Basi nikaanza kuikagua kwa mkono, maana macho yangu yamechoka.

Kwanza boneti, yaani lile kasha la bati lililofunika injini. Mbele lina mdomo mpana wa kuingiza upepo. Nikapapasa nyuma kutafuta upepo unatokea wapi. Nikakuta kaupenyo ka vidole vinne.

"Masanja, ilipokuwa inachemka wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Naongeza mdomo."

"Na ikichemka tena?"

"Naongeza tena."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Wakuu, alikuwa anafukizia panya kama mimi! Ameziba matundu yote, amebakiza moja, halafu anashangaa moshi unamrudi usoni. Upepo ukiingia mle unakutana na mwenzake wa zamani amekaa hana pa kwenda, ana joto, hasogei. Unaambiwa karibu ndani, ndani hakuna nafasi.

Tukakata boneti chini, nyuma, tundu kubwa kupita mdomo wa mbele. Nikamwambia akunje ukingo wake wa mbele ushuke kidogo kama kata ya maji iliyogeuzwa, ili upepo unaopita nje uufyonze ule wa ndani. Mdomo wa mbele tukaupunguza. Masanja aliupunguza huku roho inamuuma, kama anaziba mdomo wa mtoto wake.

Halafu nikaona jambo lingine. Rejeta ilikuwa imening'inia katikati, pembeni wazi. Upepo si mjinga, kwa nini upite kwenye vijitundu vya rejeta wakati pembeni kuna barabara? Tukakata tyubu ya baiskeli vipande, tukaziba pembeni zote, na kwenye rejeta ndogo ya oili vilevile. Sasa upepo hauna njia ila kupita kazini.

Kujaribu tukatumia majivu. Masanja alizungusha pangaboi, injini ikiwa ya baridi, mimi nikarusha majivu kwa beseni mbele ya mdomo.

Majivu yalipita vizuri sana. Yaliingia mbele, yakatokea chini, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya nguo za Mama Kulwa. Shuka tatu nyeupe na sare ya kwaya.

Alikuja akazianua. Alizifua upya, huku anatuangalia.

Sasa wakuu, hapa nakuja kwenye aibu yangu, na nimeahidi ukweli.

Injini ina hewa mbili. Kuna hewa ya kupepewa, hiyo tumeimaliza. Na kuna hewa ya kupumua, ile inayovutwa ndani kuchanganyika na mafuta. Ya Masanja ilikuwa inapumua ikiwa mle mle ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, hewa iliyokwishapikwa. Injini inavuta pumzi ya jasho lake. Haiwezi kuwa na nguvu.

Nikamwambia, "Hiyo niachie. Hewa ya kupeleka mbali ndiyo kazi yangu."

Nikapanda gari mpaka kwetu, nikafukua stoo, nikatoa kipande changu cha mwisho cha nailoni ya duara. Nilikuwa nimekihifadhi kama wengine wanavyohifadhi cheti. Nikakishona kiwe chembamba, nikakifunga kwa mpira kutoka mdomo wa kuvutia mpaka mbele kabisa kwenye upepo baridi. Nikarudi nyuma nikakitazama. Kilipendeza. Nikawaambia wale wa kwenye ndoo, "Hii ndiyo akili ya duara."

Masanja akawasha. Polepole, safi. Dakika tano, safi. Dakika nane, sindano ya geji haijagusa nyekundu. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Kanyaga!" nikapiga kelele.

Akakanyaga.

Nailoni ikafanya shwaaa, ikajikunja bapa kama chuchu ya ng'ombe ndama anaponyonya, halafu nusu yake ikamezwa. Injini ikakohoa mara mbili. Ikazima. Zikabaki sauti za kuku.

Mama Kulwa akatoka na sufuria mkononi. Safari hii hakupiga goti.

"Imechemka?"

Masanja akanitazama mimi. Mimi nikasema, "Haijachemka, mayu. Imekabwa."

Akaenda akaangalia geji mwenyewe. Akaweka mkono juu ya boneti. Akaiona nailoni yangu imetokeza kwenye mdomo wa injini kama ulimi.

"Nilisema ikichemka," akasema polepole. "Kukabwa sikukutaja. Mna bahati na mdomo wangu." Akanigeukia. "Lakini baba, nikuulize. Kule duarani hewa ilikuwa inasukumwa au inavutwa?"

"Inasukumwa, na mashine."

"Na hii injini inasukumiwa au inavuta?"

Wakuu! Miaka yote ile ya nailoni. Upande wa nyusi iliyobaki ukaanza kuniwasha.

"Inavuta."

"Mtoto akinyonya juisi kwa mrija laini, mrija unajikunja," akasema Mama Kulwa, akarudi jikoni na sufuria lake.

Wale wa kwenye ndoo hawakunihurumia. Mmoja aliniuliza kama akili ya duara ina spea. Bado ananiuliza hadi leo nikipita.

Tukaenda kwa Juma, fundi bati anayetengeneza koroboi na mifereji. Akatukunjia bomba gumu la bati, mdomo wake umetanuka kama tarumbeta, tukauelekeza mbele kwenye upepo baridi na kichujio cha pikipiki ndani yake. Bila kona za ghafla, hilo nalo lishikeni, hewa haipendi kona.

Tukawasha. Dakika ishirini na tano, full, hakuna mvuke. Sindano imelala katikati kama mzee aliyeshiba. Hata mlio ulibadilika, ukawa mnene, wa kushiba.

Kila mtu akashangilia isipokuwa Masanja. Yeye alikuwa anafuta boneti kwa kitambaa, mahali palepale, anafuta tu.

"Mzee," akaniambia kwa sauti ya chini, "sasa tutakuwa tunarekebisha nini?"

Nikadhani anatania.

Mama Kulwa alisema kaka yake hajaridhika. Kaka mtu amesema kusimama si kukimbia, injini yoyote inapoa ikisimama. Basi hukumu ya mwisho ikawa hivi: ndege ikimbizwe mbugani kwa nguvu zote, mara tatu, bila kuchemka. Ikipona, karasha litafutiwe injini nyingine na neno lisirudiwe.

Kuruka hakukuwemo. Nasema tena kwa ajili ya wale watakaoanza kunihubiria: kibali hatukuwa nacho, na wala hatukukusudia. Ni kukimbia chini tu, kama gari.

Tukaikokota asubuhi kwa pawatila, kile kitrekta cha magurudumu mawili, mpaka kwenye mbuga moja tambarare njia ya kwenda Mhunze, kiangazi, ardhi imekauka imepasuka. Masanja akavaa kofia ngumu ya pikipiki. Kulikuwa na baridi ile ya asubuhi, ng'ombe wanakula mabua upande wa pili.

Mara ya kwanza, akaenda akarudi. Mama Kulwa akaangalia geji. "Moja."

Mara ya pili, akaenda akarudi. "Mbili."

Mara ya tatu ukaja upepo kutoka mbele. Na hapa wakuu ndipo nilipojua tulichokifanya. Siku zote injini ile ilikuwa haina nguvu kwa sababu ilikuwa inavuta hewa ya moto. Masanja alikuwa hajui nguvu zake halisi. Hakuna aliyekuwa anajua. Sisi tumeipa hewa baridi, tumeipa njia ya kutolea joto, halafu tumemwambia kanyaga.

Ndege ikainuka.

Haikuruka sana. Ilifika kimo cha nyumba mbili zilizopandana. Lakini tuliona magurudumu yanazunguka hewani bila kugusa kitu. Ng'ombe wakaacha kula. Na juu ya mlio wote wa ile injini tukasikia sauti ya mtu mzima, fundi, baba wa pacha, inaita:

"Mayuuuuu!"

Akapunguza mafuta, ikashuka, ikadunda mara tatu kama mbuzi, ikasimama. Akazima.

Tulikimbia wote. Mama Kulwa alifika wa kwanza, amevua kandambili, amezishika mkononi. Akamshika mumewe uso, mabega, magoti, akihesabu kama yuko mzima. Alipoona yuko mzima, akainama ndani akaangalia geji.

"Tatu," akasema. "Haijachemka."

Nikagusa boneti. Vuguvugu tu, kama chapati ya jana iliyopashwa. Lakini Masanja alipovua ile kofia, katika ile baridi, mvuke ulipanda kutoka kichwani kwake. Injini yetu ilikuwa imepoa. Aliyechemka ni yeye.

Sasa kabla sijamalizia, niseme nililojifunza, maana mwisho wenyewe ni mfupi na mkishausoma mtaondoka.

Kwa yule mwenzetu wa ule uzi: acha kuongeza mdomo. Tafuta hewa inatokea wapi, halafu panua huko. Ziba pembeni ya rejeta. Injini ipumulie nje, kwa bomba gumu, siyo kitu laini, hata kama hicho kitu laini kimekulisha wewe na wanao miaka yote. Na ukimaliza, kabla hujakanyaga, jiulize ulikuwa unataka iruke kweli, au ulikuwa unapenda tu kuitengeneza. Mimi hilo la mwisho sikumuuliza Masanja. Laiti ningemuuliza.

Mama Kulwa ameshika neno lake. Kaka yake alikuja na mkanda, akarudi nao. Ndege iko bandani, kuku mmoja ametaga ndani ya bomba la Juma na hakuna mwenye moyo wa kumtoa. Nikipata mtu wa kunifundisha kuweka picha nitaiweka. Mafundi mliomo humu, nipingeni kwa hoja, na kama kuna mwenye injini ya sambusa aseme yake anapoza vipi. Wa kunitania kuhusu nailoni pia karibuni, nimeshazoea.

Mwisho ni huu.

Masanja alishuka kwenye kile kiti cha basi. Akachuchumaa, akaweka viganja vyote viwili chini kwenye udongo, akakaa hivyo. Nikamwambia, "Lakini wewe ulikuwa unashuka duarani unapiga mluzi!"

"Mzee wangu," akasema, "kule ukianguka, kuna chini. Nilikuwa napajua. Huku juu nimeangalia pande zote, sijapaona pa kufikia."

Akainuka. Akamkabidhi Mama Kulwa ufunguo, akanipa mimi mkono kwa adabu kama mtu anayeaga msibani, akaishika njia ya ng'ombe kuelekea nyumbani, kwa miguu, mbali kule. Tukamwita tumpakie kwenye pawatila, hakugeuka. Tulimwona anakuwa mdogo, mdogo, kofia ya pikipiki ameirudisha kichwani.

Alipofika mbali kidogo tukasikia anapiga mluzi.

Bandani hajarudi tena.